Arbuni Imekwisha, Kabati Halijaanza: Uchambuzi wa Kisa cha Fundi Seremala

Fundi seremala mwenye karakana ndogo na msaidizi mmoja wa kulipwa kwa siku alipokea kazi ya kabati la nguo la milango mitatu: upana milimita 1,800, kimo 2,100, kina 600. Walipatana siku 14. Mteja alitoa arbuni ya asilimia 60 na kuahidi salio siku ya kukabidhiwa. Leo ni siku ya kumi. Karakanani kuna bawaba 12, kopo la gundi na boksi la skrubu. Plaiwudi haijanunuliwa hata moja, na fedha iliyobaki inatosha nauli ya kusafirishia kabati ambalo bado halipo.

Kisa hiki hakimhusu mtu mmoja. Kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia katika karakana ndogo, na kimewekwa kwenye tarakimu ili kila hatua ionekane. Bei yote ya kabati tuifanye mafungu 100, na kila msomaji aweke fedha ya kwao.

Fedha ilikokwenda

Kabla ya kukubali kazi, fundi alipiga hesabu hivi: vifaa 52, ujira wa msaidizi 10, usafiri 4, sehemu ya pango la karakana na umeme 6. Jumla 72. Yaliyobaki 28 ni jasho lake na faida yake. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi, na ni vizuri kulisema hili mapema, kwa sababu mafundi wengi wakifika pabaya hulaumu bei, kisha huamua kwamba dawa ni kumtoza zaidi mteja anayefuata.

Vifaa navyo alivijua vizuri. Plaiwudi ya milimita 18 shiti tano, kila moja 2,440 kwa 1,220: moja kwa mbavu mbili, moja kwa vigawanyo viwili vya ndani, moja kwa juu na chini, moja kwa milango miwili, na ya tano nusu yake mlango wa tatu, nusu nyingine rafu nne. Shiti mbili za milimita 6 kwa ajili ya mgongo. Bawaba za kikombe, zile zinazozama kwenye tundu la duara nyuma ya mlango, nne kwa kila mlango, kwa kuwa mlango unaokaribia mita mbili ukipewa mbili au tatu huanza kulegea. Juu ya hayo, utepe wa ukingo, msasa na vanishi.

Arbuni ilipofika, mafungu 60, yaligawanyika kabla jua halijazama. 22 yalimalizia kitanda cha mteja wa awali, ambaye arbuni yake ilikuwa imekwisha kuliwa. 18 yalilipa malimbikizo ya pango, kwa sababu mwenye jengo alikuwa ametishia kufunga mlango. 8 yalikwenda nyumbani. 8 yalinunua bawaba, gundi na skrubu. 4 bado yapo.

Ukitazama orodha hiyo huoni anasa. Kitanda kilimfikia mwenyewe, pango lilikuwa deni la kweli, nyumbani walikula. Hata hivyo mafungu 48 yametoka kwenye kabati kwenda mahali pengine, wakati haki yake katika kazi nzima ni 28, tena baada ya kuimaliza. Maana yake amekula jasho lake lote kabla hajalitoa, na 20 zaidi ambazo zilikuwa za mbao, za msaidizi na za pango.

Hapa kuna mapengo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni la wakati: ili kabati lifike kwa mteja zinahitajika vifaa vya 44, msaidizi 10 na usafiri 4, yaani 58, na mkononi kuna 4, huku salio la 40 likija mwisho kabisa. La pili ni la kiasi: ukijumlisha kila kinachohitajika bado, pango likiwemo, ni 64, na kila kitakachopatikana, salio likiwemo, ni 44. Zinapungua 20. Fundi aliyebanwa huliona la kwanza tu, akajiambia kwamba mteja akitoa salio mapema mambo yatanyooka. Hayatanyooka. Hizo 20 haziko popote, na yeyote atakayezijaza lazima azitoe mahali pengine.

Njia tatu zinazomvuta

Ya kwanza, na ndiyo yenye hatari kuliko zote, ni arbuni mpya. Asubuhi hiyo hiyo amekuja mtu anayetaka meza ya kulia. Bei ni 70 kwa kipimo kile kile, na yuko tayari kutoa 42 papo hapo. Tufuate fedha hiyo hadi mwisho. 42 na zile 4 ni 46. Ananunua vifaa vya kabati kwa 44, yanabaki 2. Msaidizi anakubali kusubiri. Kabati linakwisha, salio la 40 linaingia, analipa msaidizi 10, usafiri 4, pango 6. Amebakiwa na 22. Meza inahitaji 50 kwa gharama zote, vifaa peke yake 36, na salio lake ni 28. 22 na 28 ni 50. Kwenye karatasi imetosha kabisa, na ndiyo maana njia hii hushawishi.

Lakini tazama kilichotokea. Faida yote ya meza, mafungu 20, imekwenda kuziba pengo la kabati. Fundi atafanya kazi ya meza mwanzo hadi mwisho bila kupeleka nyumbani chochote, na kwa vifaa vya 36 atakuwa na 22, kwa hiyo pengo la wakati liko pale pale. Nyumbani hawawezi kukaa wiki mbili bila kula. Atachota kwenye zile 22, na mteja wa tatu atakuwa amehitajika kabla wa pili hajaona mguu wa meza. Huku ndiko kuchimba shimo ili kufukia shimo, na kila shimo jipya lina kina zaidi kwa kiasi cha chakula kilicholiwa katikati.

Kuna tofauti nyingine ambayo si ya hesabu. Alipopokea arbuni ya kabati alikusudia kutengeneza kabati; kosa lake lilikuwa la kutotenganisha fedha. Akiipokea ya meza leo, anajua wakati anainyooshea mkono kwamba fedha hiyo haitanunua meza, na mteja hajui. Sheria za nchi nyingi huitazama nia ya mtu wakati wa kupokea: kushindwa kutimiza mapatano kwa kawaida ni deni, lakini kupokea kwa ahadi ambayo mpokeaji anajua si ya kweli kunaweza kuwa ulaghai. Kwa maoni yetu mstari wa kisa hiki uko hapo. Umaskini wa fundi siku ya kwanza na siku ya kumi ni ule ule. Kilichobadilika ni anachokijua, na kwa hiyo la kufanya kwanza ni kukataa fedha ya meza, hata kama ni ngumu kuitazama ikirudi mfukoni mwa mwenyewe.

Njia ya pili ni kulipua kazi. Mbavu na milango ibaki milimita 18, ndani iwekwe 12, mgongo uwe wa 3, rafu ziwe za chipbodi, yaani ubao wa chembe za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, kisha vanishi ifunike. Inaokoa fedha kweli, na siku ya kukabidhi hakuna atakayejua. Ubaya unakuja baadaye kwa mpangilio unaotabirika. Ugumu wa ubao dhidi ya kupinda hufuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu (unene × unene × unene), kwa hiyo rafu ya milimita 12 hupinda zaidi ya mara tatu ya ile ya 18 kwa mzigo ule ule. Akipunguza na vigawanyo ili kuokoa shiti, urefu wa rafu ukaongezeka kwa nusu, nayo ikajazwa nguo kwa msongamano ule ule, kupinda kunazidi kama mara tano tena. Mgongo wa milimita 3 hauzuii kabati kuyumba kwa upande, na kabati linaloyumba hupoteza mraba, yaani pembe zake haziwi tena za nyuzi 90. Milango inaanza kugusana, mteja anadhani ni bawaba. Chipbodi ikipata maji ya kupigia deki huvimba na hairudi. Na akijaribu kupunguza milango yenyewe, bawaba alizokwisha nunua zitamfichua: tundu la kikombe ni milimita 35 kwa upana na takriban 12 kwenda chini, hivyo kwenye ubao wa milimita 12 keekee inatokea upande wa pili.

Wengine hubadilisha kwa mbao mbichi pale kazi inapohitaji fremu. Mbao ya samani za ndani inatakiwa iwe na unyevu wa asilimia 8 hadi 12 hivi. Iliyotoka kupasuliwa inaweza kuzidi 30, na ikishuka chini ya hapo ndani ya nyumba husinyaa kwa upana, viungo vinaachia, gundi inapasuka. Fundi anajua yote haya. Mteja halijui hata moja, na ndiyo sababu anamlipa fundi.

Ya tatu ni "njoo kesho". Umeme umekatika, msaidizi anaumwa, mbao zimechelewa. Haigharimu kitu siku ya kwanza. Lakini mteja anapanga mambo yake kwa neno la fundi: pengine ameuza kabati la zamani, pengine anahama nyumba mwisho wa wiki. Kila "kesho" inamnyima nafasi ya kujipanga upya. Binamu yake njia hii ni kusema bei ya mbao imepanda ili kuomba nyongeza. Kama imepanda kweli, risiti ya siku ya mapatano na ya leo zitaonyesha. Kama haijapanda, ni uongo ule ule umevaa nguo nyingine.

La kufanya, na kwa mpangilio gani

Kwanza karatasi. Mistari minne inatosha: mteja, alichotoa, kilichonunuliwa kwa kazi yake, kinachohitajika bado. Iandikwe kwa kila kazi iliyo wazi, si kabati peke yake, kwa sababu mara nyingi kuna kiti cha mtu kilichosahauliwa pembeni. Asiende kwa mteja kabla karatasi hiyo haijakamilika. Mtu anayekiri bila tarakimu huishia kuahidi bila tarakimu.

Pili, msaidizi. Huyu ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote katika kisa hiki, na ndiye anayegeuzwa benki kwa urahisi zaidi: "Fanya tu, tutaonana mwisho." Aambiwe leo kwamba kazi ya kabati ina siku tatu za malipo, si kumi, na siku zipi, ili atafute vibarua vingine. Siku hizo tatu zina sababu. Shiti ya plaiwudi ya milimita 18 ina uzito wa kilo 30 hivi, na kuisukuma peke yako kwenye msumeno ni kutafuta ajali. Kwa hiyo siku mbili za kukata na moja ya kusimamisha lazima wawe wawili. Utepe, bawaba, msasa na vanishi fundi anamaliza mwenyewe. Gharama ya msaidizi imeshuka kutoka 10 hadi 3.

Tatu, mteja. Aendewe siku hiyo hiyo ya kumi, ana kwa ana. Kungoja siku ya 14 kunamfanya agundue badala ya kuambiwa, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa kwake. Maneno yawe machache: "Mama, nimekuja kuhusu kabati lako kabla siku haijafika. Fedha uliyonipa nimeitumia kwa madeni mengine, na vifaa sijanunua isipokuwa bawaba, gundi na skrubu. Hili ni kosa langu. Nimekuja na njia mbili, uchague wewe." Asianze na pango, wala na hali ya nyumbani. Mteja akiuliza sababu, ataambiwa; lakini sababu zikitangulia zinamlazimisha amfariji mtu aliyekula fedha yake.

Hatua hii ndiyo inayowashinda watu wengi, na inafahamika kwa nini. Donald Cressey, mwanasosholojia wa Marekani, alichapisha mwaka 1953 utafiti wake juu ya wafungwa waliokuwa wamekula fedha walizoaminiwa. Aliona kwamba walikuwa na tatizo la fedha walilohisi hawawezi kumweleza mtu, na kwamba wengi walijiambia wanakopa tu, watarudisha. Fundi wetu yuko mahali hapo hapo. Aibu ya kusema ndiyo inayomsukuma kwenye meza ya yule mteja mpya, kwa hiyo kusema mapema ni kazi ya lazima, sawa na kununua mbao.

Njia ya kwanza ya kumpa mteja: alipe salio la 40 moja kwa moja kwa muuza mbao, fundi aongeze zile 4 zake, na risiti itoke kwa jina la mteja. Kwa mpango huo fedha haipiti tena mikononi mwa fundi, na mteja ana kinga ya kweli: ikiwa fundi atashindwa tena, mbao ni zake na fundi mwingine anaweza kuendelea nazo. Mwombe muuzaji akate vipande vikubwa kwa mashine yake kama anayo. Baada ya hapo fundi hadai tena hata fungu moja katika kazi hii. Anabaki kutafuta 3 za msaidizi na 4 za usafiri, jumla 7.

Njia ya pili ni kurudisha fedha kwa awamu na kukabidhi vifaa vilivyonunuliwa, au thamani yake ikatwe kwa makubaliano. Hii ni haki ya mteja na asishawishiwe kuiacha. Kosa la kawaida hapa ni kuahidi awamu kubwa kwa sababu ya aibu. Kiasi salama kinapatikana hivi: chukua kilichobaki kila mwezi kwa miezi mitatu iliyopita baada ya chakula na pango, tafuta wastani, kisha ahidi theluthi mbili zake. Kama wastani ni 12, ahadi ni 8, hata mteja akinuna kwamba ni kidogo. Awamu ndogo inayofika inamfaa kuliko kubwa inayokwama mwezi wa pili.

Njia yoyote iandikwe: tarehe, kilichopokelewa, kilichokubaliwa, sahihi za wote wawili, nakala mbili. Tarehe mpya ya kabati nayo ihesabiwe, isikisiwe. Kukata siku mbili, kusimamisha mbili, utepe na bawaba mbili, msasa na vanishi tatu pamoja na kukauka, kupeleka moja. Ni siku kumi tangu mbao zifike. Aseme 12. Aliyeona aibu hupenda kusema sita ili kumtuliza mteja, kisha anavunja ahadi mara ya pili, na hiyo haisameheki kirahisi.

Zile 7 zitoke kwenye kazi zinazolipwa siku hiyo hiyo na zisizohitaji arbuni: kubadilisha vitasa, kuranda mlango unaokwama, kukaza viti, kupachika rafu ambazo mteja kanunua mwenyewe. Ni kazi zinazodharauliwa, na ndizo zinazomtoa mtu shimoni kwa sababu hazina fedha ya mtu mwingine ndani yake. Kifaa kinaweza kuuzwa kama kuna cha ziada. Msumeno au randa inayoleta riziki isiguswe. Mwenye jengo naye aambiwe mapema kwamba 6 za pango zitachelewa, kwa tarehe. Amelipwa malimbikizo juzi tu, na huu ndio wakati ambapo ombi kama hilo lina nafasi.

Mteja anaweza kukasirika, akatangaza habari hiyo kwa jirani na ndugu. Hilo linawezekana na fundi hana njia ya kulizuia. Anachoweza kukidhibiti ni kwamba yatakayosimuliwa yana mwisho wenye karatasi na tarehe.

Arbuni zijazo

Asilimia 60 kwa mkupuo mmoja ndiyo iliyofungua mlango. Fedha iliyo kubwa kuliko gharama ya vifaa, ikikaa bila kazi karibu na madeni ya zamani, italiwa. Kwa kazi kama hii malipo yagawanywe mara tatu: 55 mwanzo, zinunuliwe vifaa vyote ndani ya siku mbili na mteja aonyeshwe risiti, 25 kabati likisimama bila milango, aje alione, 20 siku ya kukabidhi. Ujira wa msaidizi utoke kwenye zile 3 zinazobaki juu ya vifaa na kwenye 25. Fundi ajilipe kutoka 25 na 20 tu. Kila kazi iwe na bahasha au akaunti yake ndogo, na isichangie nyingine hata kwa siku moja, kwa sababu kitanda kile kilichokula 22 za kabati kilianza na siku moja.

Malimbikizo ya pango yana namna yake. Karakana ikiwa na wiki mbili bila kazi kila msimu, pango la wiki hizo liingizwe kwenye bei za kazi zilizopo, kwa wazi, kabla ya mapatano. Mteja akiona bei kubwa ana hiari ya kwenda kwingine. Akilipia pango hilo kwa njia ya kabati lililolipuliwa, hana hiari hiyo.

Amebaki mtu wa meza, ambaye bado amesimama mlangoni. Aambiwe: "Kazi yako naitaka, lakini kwa sasa nina kabati la mtu na siwezi kuianza kabla ya wiki mbili. Fedha yako kaa nayo. Tuandikiane vipimo leo, na siku nikianza twende pamoja kwa muuza mbao." Akiwa na haraka atamwendea fundi mwingine, na faida ya 20 itakwenda naye. Asipokuwa na haraka, vipimo vichukuliwe pale pale: urefu, upana, kimo cha kiti watakachokalia, nafasi ya mguu chini ya meza, na upana wa ukingo wa meza kwa kila mlaji, usipungue milimita 600.